UZI: Lalamiko langu la ubaguzi kazini limetupwa bila shahidi hata mmoja kuulizwa, nimebakiwa na siku 17 za kukata rufaa

Lafudhi_Yangu (mleta uzi), 22 Septemba

Wakuu, habari za saa hizi. Najua humu kuna watu mnaofanya kazi serikalini huku Marekani, wengine wa siku nyingi, ndiyo maana nimelileta hapa badala ya kuendelea kulia peke yangu.

Mimi ni mwajiriwa wa serikali ya shirikisho, huu mwaka wa sita. Idara siitaji. Nilikuwa kaunta na kwenye simu, napokea watu. Tarehe 12 Machi msimamizi mpya aliniita, akasema kuanzia kesho nitakaa chumba cha nyuma kupanga mafaili kwa sababu "watu hawakuelewi unapoongea". Miaka mitano na ushee hakuna mtu aliyewahi kunilalamikia kwa maandishi. Mshahara haukuguswa. Tangu hapo imekuwa mazoea: kwenye vikao naambiwa niandike badala ya kusema, kuna mmoja ananiigiza wengine wanacheka, na msimamizi yupo palepale. Tarehe 3 Juni nikapewa barua kwamba nimekosa cheo. Sababu: sina uzoefu wa karibuni wa kuhudumia wateja ana kwa ana. Yaani kile walichoninyang'anya wenyewe.

27 Juni nikaonana na mshauri wa EEO, ile ofisi ya ndani ya idara inayopokea malalamiko ya ubaguzi. Mazungumzo hayakufika popote. Nikapewa notisi ya haki ya kufungua lalamiko rasmi, nikalifungua 5 Agosti, ndani ya zile siku 15. Nikawa nasubiri mchunguzi anipigie. Badala yake, 9 Septemba ikaja barua pepe kwamba lalamiko limetupwa. Sababu mbili. Kwanza nimechelewa, kwa kuwa kutoka 12 Machi hadi 27 Juni ni siku 107 na kanuni inataka siku 45. Pili, hata kama nisingechelewa, kuhamishwa meza bila kukatwa mshahara si madhara yanayotambulika, na tena nilihamishwa "kwa mahitaji ya kazi".

Nimeandika rufaa ya kurasa 11. Nimeeleza kila kitu tangu siku ya kwanza, hadi usiku ninavyolala. Kabla sijaituma naomba macho yenu. Siku 30 zinaisha 9 Oktoba.

Njiapanda

Pole sana dada. Ila nikuambie ukweli, serikali na serikali ni mtu na ndugu yake. Idara iliyokubagua ndiyo hiyo hiyo imepokea lalamiko lako, ndiyo imelisoma, ndiyo imelitupa. Unategemea nini? Chukua wakili nenda mahakamani, hizo rufaa ni za kukuchosha.

Mtu_wa_Kaunti

Mbona mimi nilipewa siku 300, sio 45? Mleta uzi, kuna mtu amekudanganya hapo.

Mkongwe_wa_Faili

Mtu wa Kaunti, hajadanganywa. Wewe mwajiri wako ni kaunti, na kwa ubaguzi wa aina hii mwajiriwa wa kaunti, jiji au jimbo anapita njia moja na wa kampuni binafsi: anapeleka shtaka EEOC, tume ya shirikisho inayoshughulikia ubaguzi kazini, ndani ya siku 180, au 300 kama jimbo lake lina chombo chake cha kushughulikia ubaguzi. EEOC wakilifunga unapewa notisi ya haki ya kushtaki, na siku 90 za kwenda mahakamani. Rufaa ya namna anayoiuliza huyu dada, wewe huna.

Mwajiriwa wa shirikisho njia yake ni nyingine kabisa. Anaanzia ndani ya idara yake, siku 45 za kumfikia mshauri, siku 15 za kufungua rasmi baada ya kupata notisi. Idara inaweza kulitupa kabla ya uchunguzi kwa sababu zilizoorodheshwa kwenye kanuni, kifungu cha 1614.107. Kutoka hapo rufaa inatoka nje ya idara, inakwenda EEOC yenyewe, kwenye kitengo chake cha Washington kinachoitwa OFO. Kwa hiyo Njiapanda ana haki kuhusu hatua ya kwanza, kwamba idara inajipokelea lalamiko dhidi yake yenyewe. Kuhusu rufaa hana haki. Wale si watu wa idara, na wanalisoma faili upya, hawafungwi na maoni ya aliyelitupa.

Kama swali la Njiapanda lijalo ni kwamba serikali haishtakiwi: inashtakiwa. Sheria ya haki za kiraia ya 1964 iliwaacha nje waajiriwa wa shirikisho, wakaingizwa 1972.

Sasa kwako dada. Nilikaa miaka mingi upande wa chama cha wafanyakazi nikiwasindikiza watu na mafaili kama lako. Nitakuambia jambo ambalo halitakufurahisha. Hizo kurasa 11 ziweke kando. Usizichome, zina kazi yake baadaye. Lakini si rufaa hiyo.

Barua ya 9 Septemba haikusema hukubaguliwa. Isome tena. Imesema umechelewa kubisha hodi, na kwamba hata ulichokuja nacho hakistahili kusikilizwa. Aliyekufungia mlango humjibu kwa kumsimulia yaliyoko ndani. Unamwonyesha kwamba ulifika kwa wakati na kwamba una haki ya kuingia. Anayesoma rufaa OFO atatafuta vitu hivyo viwili tu. Ukurasa wa 7 unapoeleza usingizi wako, ataufunua apite.

Nipe mambo matatu: tarehe zote bila maelezo, idara imeandika nini pale inapotaja lalamiko lako linahusu nini (neno kwa neno), na nani mwingine uliwahi kumwandikia kabla ya 27 Juni. Yeyote.

Lafudhi_Yangu

Asante Mkongwe. Nimeumia kidogo lakini nimeelewa.

Idara imeandika hivi, natafsiri: "Mlalamikaji anadai kubaguliwa kwa misingi ya asili ya taifa lake pale ambapo, tarehe 12 Machi, alipangiwa majukumu mengine." Basi. Hicho ndicho walichosema ni lalamiko langu.

Kumwandikia mtu, nilimwandikia ofisa utumishi mwezi wa tatu nikiuliza kama uhamisho huo ni wa kudumu. Halafu nilituma barua pepe kwenye anwani ya jumla ya ofisi ya EEO ya idara, 20 Aprili. Nikapata majibu ya mashine tu, "tumepokea ujumbe wako". Hakuna aliyenirudia. Nikadhani nimekosea anwani.

Mkongwe_wa_Faili

Tuliza moyo. Hiyo ya 20 Aprili uliandika nini hasa? Usinifupishie.

Lafudhi_Yangu

"Nimeondolewa kaunta 12 Machi kwa sababu ya lafudhi yangu. Naona ni ubaguzi na nataka kufungua malalamiko. Naomba mniambie naanzia kwa nani."

Bi_Tabasamu

Kutoka 12 Machi hadi 20 Aprili ni siku 39. Nimehesabu mara mbili.

Mkongwe_wa_Faili

Bi Tabasamu amemaliza kazi yangu.

Wakuu, hapa ndipo watu wengi wanapopoteza mashauri ambayo wangeyashinda. EEOC imeshaamua miaka mingi kwamba siku 45 hazihesabiki tu mpaka siku unayokaa kiti kimoja na mshauri. Ukimwendea ofisa anayehusika kimantiki na utaratibu wa EEO, ukaonyesha nia ya kuuanza, hiyo inatosha. Masharti ni mawili na yote lazima yawepo. Barua yake kwa ofisa utumishi haitoshi: hakutaja ubaguzi, aliuliza tu ratiba. Angeandika kwa EEO "naomba kujua haki zangu" ningekuwa na wasiwasi, maana kuulizia si kuanza. Lakini "nataka kufungua malalamiko", kwenye anwani ya ofisi ya EEO yenyewe? Sijui idara itaanzia wapi kuipinga hiyo.

Swali moja dogo lenye uzito: mshauri ulimwambia habari ya hiyo barua pepe? Maana kwenye rufaa hawapendi ushahidi mpya ambao ungeweza kuutoa mapema.

Lafudhi_Yangu

Nilimwambia. Nimefungua ripoti yake sasa hivi. Ukurasa wa 3, sentensi moja: mlalamikaji anasema aliwahi kuwasiliana na ofisi kwa barua pepe mwezi Aprili. Kumbe waliandika wenyewe.

Njiapanda

Duh. Kwa hiyo walikuwa nayo kwenye faili na bado wakahesabu siku 107?

Mkongwe_wa_Faili

Na ndivyo unavyoliandika. Bila duh. Unasema: ripoti ya mshauri, ukurasa wa 3, inataja mawasiliano ya Aprili, kiambatisho A ni barua pepe yenyewe na majibu ya mashine, idara haikuyazungumzia kabisa. Kisha unawakumbusha kwamba suala likiwa ni kuchelewa, ni juu ya idara kukusanya taarifa za kutosha kabla ya kuamua. Hilo EEOC imelirudia mara nyingi, na idara zinalisahau mara nyingi vilevile.

Lakini usiishie hapo, kwa sababu wakiikataa hiyo barua pepe utabaki mikono mitupu. Ona jinsi walivyolikata lalamiko lako. Ulileta vitu vitatu: kuondolewa kaunta, kudhihakiwa mfululizo, kunyimwa cheo 3 Juni. Wao wakaandika kimoja, tena kile cha zamani kuliko vyote, halafu wakapimia siku hapo hapo. Kunyimwa cheo ni tukio linalojitegemea, lina saa yake. Kutoka 3 Juni hadi 27 Juni ni siku 24. Hata bila Aprili, hilo liko ndani.

Dhihaka nazo zina kanuni yake. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu, kwenye shauri la Morgan dhidi ya shirika la reli la Amtrak, ilitenganisha mambo mawili. Tendo moja linalosimama lenyewe, kama kunyimwa cheo au kuhamishwa, kila moja na muda wake. Mazingira ya uhasama yanayojengeka kidogo kidogo, inatosha tendo moja kati ya yale yanayoyaunda liwe ndani ya muda, mengine yanalifuata. Na mahakama ilisema hata tendo lililopitwa na muda linaweza kutumika kama ushahidi wa historia. Kwa hiyo 12 Machi haifutiki hata wakishinda kwenye kuchelewa. Tarehe ya mwisho ya kuigizwa ni ipi?

Lafudhi_Yangu

24 Juni, kwenye kikao cha asubuhi. Niliandika kwenye daftari.

Mkongwe_wa_Faili

Siku tatu kabla ya kuonana na mshauri. Daftari hilo usilipoteze.

Bi_Tabasamu

Na ile ya pili, kwamba hakuna madhara kwa kuwa mshahara ni uleule? Binafsi ndiyo iliyonikera. Mtu anafichwa stoo kama kiti kibovu halafu anaambiwa hajadhurika.

Mkongwe_wa_Faili

Miaka ya nyuma ilikuwa hoja yenye nguvu, mahakama nyingi zilitaka uonyeshe madhara makubwa. Aprili 2024 Mahakama ya Juu iliamua shauri la Muldrow dhidi ya jiji la St. Louis. Yule alikuwa sajenti wa polisi, akahamishwa kutoka kitengo cha upelelezi wa taarifa. Cheo kilekile, mshahara uleule, ila alipoteza gari la kazi, ratiba nzuri na aina ya kazi aliyokuwa akiifanya. Mahakama ikasema anayelalamikia uhamisho anatakiwa kuonyesha madhara fulani kwenye masharti ya ajira yake, si lazima yawe makubwa. Na mwajiri wake naye alikuwa serikali, ya jiji.

Kwako dada, huhitaji hata kubuni hoja. Madhara umeandikiwa na wao kwenye barua ya 3 Juni: umekosa cheo kwa sababu huna uzoefu wa karibuni wa kaunta. Waliokutoa kaunta ni nani?

Halafu kile kijisentensi cha "mahitaji ya kazi". Wengi wanakipita. Hiyo ni sababu ya utetezi. Ni jibu la swali "kwa nini mlimhamisha", na hilo linaulizwa baada ya uchunguzi, mashahidi wakiwa wameapa. Huwezi kulitupa lalamiko mlangoni kwa kutumia utetezi ambao hakuna aliyeujaribu. Sentensi mbili kwenye rufaa zinatosha. Usianze kubishana kama lafudhi yako inaeleweka au haieleweki. Najua unatamani. EEOC ina msimamo kwamba lafudhi inaweza kuwa sababu halali pale tu inapozuia kazi kwa kiwango cha maana, na nakuambia siku hiyo ya kubishana itafika. Sasa bado.

Njiapanda

Mkongwe nakuheshimu, ila bado sijaona kwa nini asiende mahakamani moja kwa moja. Siku 90 si anazo?

Mkongwe_wa_Faili

Anazo, kuanzia alipopokea barua. Lakini akifungua kesi, EEOC inaifunga rufaa. Huwezi kupanda ngazi mbili kwa wakati mmoja. Na huko mahakamani idara itasimama na hoja ileile ya siku 107, safari hii mbele ya jaji ambaye anaweza kukubali kwamba hukumaliza utaratibu wa ndani, na wewe unalipa wakili kila saa. Rufaa haina ada. Ukishindwa, siku 90 zinaanza upya kutoka uamuzi wa EEOC. Ukikaa siku 180 tangu ulipokata rufaa bila uamuzi, una ruhusa ya kwenda mahakamani pia. Kuna mazingira ambayo kwenda moja kwa moja ni bora, kwa mfano mtu ana wakili mzuri na shahidi anayeelekea kustaafu na kuhama. Hili silioni hivyo.

Kwa wanaosoma ambao wamefukuzwa kazi kabisa, au kusimamishwa bila malipo zaidi ya siku 14: yenu inaweza kuwa na mlango mwingine, MSPB, bodi inayosikiliza rufaa za waajiriwa wa shirikisho, na masharti mengine. Fungueni uzi wenu, tusimchanganye huyu.

Lafudhi_Yangu

Nina mpwa wangu anasomea sheria, amesema nimweke kama mwakilishi ili barua ziende kwake, mimi nipumzike na hizi tarehe.

Mkongwe_wa_Faili

Kuwa naye, lakini usipumzike. Ukimteua wakili, saa inaanza kuhesabika anapopokea yeye. Kuna bwana mmoja, Irwin, alikuwa akiishtaki Idara ya Maveterani. Mwaka 1987 barua ya EEOC ilifika ofisi ya wakili wake 23 Machi, wakili akiwa nje ya nchi. Irwin mwenyewe akaipata yake 7 Aprili. Wakafungua kesi 6 Mei, siku 29 tangu alipoipata Irwin, lakini siku 44 tangu ilipofika kwa wakili, na wakati ule muda ulikuwa siku 30. Mahakama ya Juu mwaka 1990 ilikubali kwamba hata anayeishtaki serikali anaweza kuongezewa muda kwa sababu za haki. Kwa Irwin ikakataa: wakili kuwa safarini ni uzembe wa kawaida. Kanuni nzuri ilizaliwa kwenye kesi yake, yeye akatoka mikono mitupu.

Mpwa akiwa bado mwanafunzi si wakili, lakini fundisho ni lilelile. Tarehe ziandike kwenye kalenda yako wewe.

Na sasa hivi, kabla ya kuandika hoja yoyote, jaza fomu namba 573, ndiyo notisi ya rufaa. Itume kwa tovuti ya EEOC, nakala kwa idara, hifadhi uthibitisho wa vyote viwili. Hoja zenyewe una siku 30 nyingine tangu siku unayotuma fomu. Watu wanachelewa rufaa wakipamba maandishi ambayo hayakuhitajika siku hiyo.

Lafudhi_Yangu, 30 Septemba

Fomu imekwenda leo. Ninayo namba ya shauri.

Lafudhi_Yangu, 21 Oktoba

Hoja zimekwenda. Kurasa nne na viambatisho vitatu. Neno "usingizi" halimo. Mkongwe, sijui kama unajua ilivyokuwa kazi kuliondoa.

Mkongwe_wa_Faili

Najua. Idara nayo ina siku 30 za kujibu. Ikijibu vitu vipya, njoo.

Bi_Tabasamu, 2 Aprili

Dada, kimya? Siku 180 zilitimia 29 Machi kama sikosei.

Lafudhi_Yangu

Zilitimia. Idara ilijibu kurasa mbili, wamerudia siku 107. Aprili hawakuigusa tena. Mpwa anataka twende mahakamani, mimi nimesema tungoje kidogo. Bado niko chumba cha nyuma.

Lafudhi_Yangu, 14 Mei

Wakuu. Uamuzi umetoka. Nanukuu kwa kifupi: barua pepe ya 20 Aprili ni mawasiliano halali, idara ililieleza lalamiko kwa ufinyu, madai yote matatu yanastahili kupokelewa, hoja ya mahitaji ya kazi inahusu kiini cha shauri na haikupaswa kutumika hapa. Uamuzi wa idara umetenguliwa. Idara inithibitishie imeyapokea madai ndani ya siku 30, na faili la uchunguzi nilipate ndani ya siku 150.

Njiapanda

UMESHINDA! Nimekubali, nilikosea.

Mkongwe_wa_Faili

Hongera dada. Njiapanda, ameruhusiwa kuingia ndani tu. Idara bado inaweza kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya siku 30, ingawa lazima ionyeshe kosa la wazi la ukweli au sheria, au athari kubwa kwa utendaji wa serikali. Sidhani watajaribu.

Zile kurasa 11, zitoe kabatini sasa. Kazi yake imefika.

Lafudhi_Yangu, 19 Juni

Hawakuomba. Mchunguzi amenitumia maswali ya kujibu kwa kiapo, 34. Nimeanza jana usiku. Mengi ni ya tarehe na majina ya waliokuwepo, yale naweza. Nimekwama swali la 4: "Msimamizi wako alijuaje kwamba wewe si mzaliwa wa Marekani?"

Nimelisoma kwa sauti, mara mbili, nikacheka peke yangu jikoni.